Tarishi Namba 913

Siku ya kumi na moja bila hodi kutoka Chiloé.
Nilidhani Eleuterio anawaza.
Farasi wangu alikuwa amemkaba malkia wake,
na mtu wa miaka themanini na mbili ana haki
ya kumtazama farasi kama huyo mpaka chai ipoe,
ipashwe, ipoe tena.

Hapa Oulu theluji ilikuwa imefika kitasa cha banda la baiskeli.
Umeme ulikuwa umekatika Jumanne ile, nusu saa tu.
Kompyuta ilizimika, ikaamka, ikapiga mluzi wake mdogo
kama mtu asiyetaka kuulizwa alilala wapi.

Siku ya kumi na mbili nikaanza kuhesabu umri wake
kwa namna nyingine.

Ndipo nikavuta kiti.
Miaka thelathini na mmoja nilipima unyevu wa karatasi kiwandani Kemi;
najua mashine haidanganyi,
lakini haikwambii usichoiuliza.
Nikauliza mtandao: upo.
Nikabisha kwenye seva ya barua: karibu.
Nywila ni ile ile, jina la paka na mwaka aliokufa.
Ruhusa za faili: nasoma mimi, naandika mimi, basi,
maana tarishi huyu ni mwoga,
akiona siri yako imeachwa wazi hagusi mfuko.
Nikaiuliza saa ya mfumo: unamwita?
Namwita, kila dakika tano, usiku na mchana.
Na daftari likathibitisha: ameitwa, ameitwa, ameitwa,
safu ndefu ya kuitwa
bila labeka hata moja.

Husemwa kimya kingi kina mshindo.
Changu kilikuwa na redio.
Huwaka yenyewe kila mashine inapoamka,
na usiku ule ilinong'ona hali ya hewa ya Ghuba ya Bothnia
nilipochoka nikamwita tarishi kwa mkono wangu,
jina lake tupu, bila maagizo.
Akajibu papo hapo, kwa adabu:
Mwenzangu namba 913 yuko kazini. Nimemwamsha.

Na redio ikakatika katikati ya neno upepo.

Nikatulia.
Nje, katapila la theluji lilipita likikwangua lami.
Nikaandika: 913 ni nani?
Hayupo.
Na dakika moja iliyopita alikuwa nani?
Hilo sikuhitaji kuliandika.

Kumbe Jumanne, giza lilipoingia,
tarishi alikufa na kufuli mkononi,
akaacha kikaratasi mlangoni: Nimo ndani. 913.
Mashine ikaamka, ikagawa namba upya,
na ile ya marehemu ikaiangukia redio,
isiyojua barua wala bahasha.
Kila tarishi mpya aliyetumwa alisoma kikaratasi,
akatega sikio, akasikia mtu anapumua,
akasema aha, yumo,
akageuza.

Nikafuta kikaratasi. Amri yenyewe fupi kuliko chafya.
Kisha nikaongeza mstari mmoja kwenye ratiba ya asubuhi ya mashine:
kabla ya yote, fagia mlangoni.

Zikaingia barua kumi na tisa.
Punguzo la soksi. Maktaba, kitabu changu kimechelewa.
Na nne za Eleuterio.
Ya kwanza ya Jumatano ile ile: malkia ametoroka pembeni,
wala hakuwaza hata nusu saa, mzee yule.
Ya pili: umeipata?
Ya tatu aliomba radhi, huenda alicheza kwa haraka mno,
huenda kwetu ni utovu wa heshima.
Ya nne haikuwa na sataranji ndani.
Aliuliza, kwa yeyote atakayefungua sanduku hili,
rambirambi azitume kwa jina la nani.

Nikamjibu saa tisa za usiku:
zitume kwangu, nitazipokea mwenyewe.
Kitunda cha kushoto, hatua moja mbele.

Halafu nikaiwasha redio. Upepo ulikuwa umegeuka.
Nikatazama namba yake mpya, 2206,
nikaiandika kwenye kalenda ya jikoni
kwa kalamu, bila sababu.